Sola na betri kwenye nyumba yenye umeme wa gridi: pima kwanza, betri ihukumiwe mwisho

Simu nyingi ninazopokea siku hizi huanza hivi: "Fundi, betri yangu imekufa, nitafutie nyingine." Nafanya kazi hii Tanga, na betri nyingi nilizoitwa kuzika nimezikuta zinapumua. Kilichokufa kilikuwa kiungo cha waya, au mpangilio wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumika nyumbani), au hesabu ya matumizi ambayo haikufanywa tangu siku ya kwanza.

Wengi walifunga mifumo hii wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuingiza umeme kwenye gridi. Mambo yalikwenda haraka haraka. Giza limeingia, friza imejaa samaki, mtu ananunua alichokikuta dukani na kumwita fundi aliyepatikana. Sasa ile haraka inadai chake: nati iliyokazwa kwa vidole, inveta iliyoachwa na mpangilio wa kiwandani, waya mwembamba kwa sababu ule mnene ulikuwa umeisha. Betri ndiyo ghali kuliko vyote, ndiyo inayoonekana, kwa hiyo lawama zote huiangukia yenyewe.

Ninayoeleza hapa ni kwa nyumba au duka lenye umeme wa TANESCO, paneli juu ya bati, inveta ya haibridi (inayotumia paneli, betri na gridi kwa pamoja) ya kilowati 3 hadi 8, na betri ya volti 48, iwe ya lithiamu au ya asidi. Aliyeko Mombasa au Kisumu abadilishe majina ya mashirika na kanuni zake tu, mengine ni yale yale.

## Kabla hujagusa kitu

Uwe na multimita. Ukiweza, ongeza klampu mita inayosoma mkondo wa DC (umeme wa paneli na betri), na uulize vizuri dukani maana nyingi za bei rahisi husoma AC (umeme wa gridi) peke yake. Chukua na daftari.

Paneli 8 za wati 550 zilizoungwa mfululizo hutoa karibu volti 400 za DC, na jua halina swichi. Cheche ya DC haikatiki yenyewe kama ya AC. Ukichomoa konekta ya paneli mkondo ukiwa unapita, moto unaruka kati ya ncha mbili na kuendelea kuwaka, na mkono wako uko hapo hapo. Betri ya volti 48 ina hatari ya namna nyingine: haitakurusha, lakini spana ikilalia nguzo zake mbili kwa pamoja itageuka nyekundu na kuyeyuka mbele ya macho yako. Vua pete na saa. Mpini wa spana uviringishie tepu nyeusi.

Wakati wa kuzima, anza na mizigo, kisha gridi, kisha paneli, betri iwe ya mwisho. Wakati wa kuwasha, betri iwe ya kwanza.

## "Umeme ukikatika, na sola inazima"

Jua linawaka, mtaa hauna umeme, na nyumba yenye paneli 8 iko kimya kama ya jirani asiye na hata moja.

Kama huna betri, huo si ubovu. Inveta ya gridi isiyo na betri hufuata mapigo ya gridi, hertzi 50, na ikiyapoteza lazima ijizime. Viwango vya kimataifa vinaipa sekunde 2. Sababu yake ni mtu aliye juu ya nguzo. Fundi wa laini akishakata umeme wa mtaa anajua waya umekufa. Paneli zako zikiendelea kusukuma umeme nje, transfoma ile ile inayoshusha volti kuja kwako itazipandisha kurudi kwenye laini ya volti 11,000 aliyoishika yeye. Akija mtu kukuambia ana ujanja wa kuizima kinga hiyo, mtoe nyumbani kwako.

Kama betri unayo na nyumba bado inazima, tazama kwanza mgawanyo wa waya. Inveta nyingi za haibridi zina milango miwili ya AC. Mmoja ni wa gridi, mwingine ni wa dharura, umeandikwa BACKUP, EPS au LOAD. Kilichofungwa upande wa gridi kitazima hata betri ikiwa imejaa pomoni. Zima mwenyewe swichi kuu ya gridi saa sita mchana, uzunguke na daftari ukiandika kinachowaka na kisichowaka. Dakika kumi zinatosha, nawe utaijua nyumba yako kuliko aliyeifungia waya.

Kingine ni breka ya betri. Mtu aliizima siku ya usafi, au iliruka yenyewe, na kwa kuwa gridi ilikuwepo hakuna aliyegundua. Wiki tatu baadaye umeme unakatika, na betri ndiyo inayolaumiwa. Tazama pia kiwango cha akiba ulichoweka. Kama inveta imeambiwa isishuke chini ya asilimia 50 na betri iko 48, itakataa, na iko sahihi kukataa.

## "Betri haifiki asubuhi"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

Anza na hesabu. Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina uniti 5.12 (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja), uniti zile zile unazonunua kwa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Iachie akiba ya asilimia 20, zinabaki 4.1. Inveta nayo inakula njiani, kwa hiyo zinazofika kwenye soketi ni kama 3.7. Sasa weka friji wastani wa wati 60, friza 80, feni mbili 110, taa na runinga 120 kwa wastani wa usiku kucha, ruta 10. Jumla ni wati 380. Kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri ni saa 10, yaani uniti 3.8. Betri imeisha karibu na adhana ya alfajiri, na hakuna chochote kilichoharibika. Mtu akichemsha maji kwa birika la wati 2,000 kwa robo saa, nusu uniti imekwenda, ambayo ni zaidi ya saa nzima ya usiku wako. Kiyoyozi cha wati 900 kitaimaliza betri hiyo kabla ya usiku wa manane.

Shida hii si ya nyumbani kwako tu. Garissa, Kenya, kuna kituo cha sola cha megawati 50 tangu 2019, na jioni kinalala sawa na paneli zako, saa ile ile watu wamerudi nyumbani na kuwasha kila kitu. Bila mahali pa kuweka umeme wa mchana, gridi nzima inabaki na swali lile lile ulilo nalo wewe.

Hesabu ikitoka sawa na betri bado haifiki, uliza kama jana ilijaa. Itazame saa kumi alasiri, si saa mbili usiku. Kama haikufika 100 mchana, tatizo liko juu ya bati, ruka uende sehemu inayofuata.

Kama ni ya lithiamu, asilimia unayoiona kwenye skrini usiiamini moja kwa moja. Betri hizi za fosfeti ya chuma zina seli 16, na kwa sehemu kubwa ya safari, tuseme kutoka asilimia 80 mpaka 30, volti zake hazibadiliki sana. Kwa hiyo kompyuta ya ndani, inayoitwa BMS, inahesabu ampea zinazoingia na zinazotoka, kama muuza duka anayeandika mauzo kwenye daftari bila kuhesabu pesa za kwenye droo. Makosa madogo hujikusanya. Betri ikipita wiki kadhaa bila kujaa kabisa, daftari na droo havipatani tena. Skrini inasema asilimia 40, kisha kufumba na kufumbua nyumba iko gizani. Dawa yake haina gharama: ijaze mpaka 100, hata kwa umeme wa gridi, uiache ikiwa imejaa saa mbili tatu, urudie siku mbili tatu mfululizo. BMS itasahihisha hesabu na seli zitasawazishana.

Sasa viungo. Mama mmoja muuza samaki hapa Chumbageni aliniita akiwa ameshatoa kianzio cha betri mpya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingia uione hiyo maiti."

Zilikuwa betri nne za asidi, zimeungwa mfululizo kwenye stoo nyuma ya friza. Friza ikiwa imetulia, inveta ilisoma volti 50.6. Kompresa ilipoanza kuvuma ikashuka mpaka 46 na kengele ikalia. Nikaweka ncha za multimita moja kwa moja kwenye nguzo za betri, friza ikiwa bado inavuma: 49.8. Yaani karibu volti 4 zilikuwa zinapotea kati ya betri na inveta, kwenye waya usiozidi mita moja na nusu. Betri ilikuwa inatoa, mzigo haufiki.

Nikapima kiungo kimoja kimoja. Ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri, nyingine kwenye lagi, kile kichwa cha shaba kinachobanwa mwishoni mwa waya. Kiungo kizima husoma karibu sifuri. Cha kwanza sifuri, cha pili sifuri, cha tatu volti 3.1. Plastiki ya waya pale ilikuwa imegeuka kahawia. Nilipozima kila kitu na kufungua nati, chini ya lagi kulikuwa na unga wa kijani uliochanganyika na mweupe, hewa ya chumvi na mvuke wa asidi vimekula shaba. Lagi yenyewe ilikuwa imebanwa kwa koleo la kawaida. Niliivuta kidogo tu, waya ukachomoka ukabaki mkononi mwangu.

Niliweka lagi mpya iliyobanwa kwa mashine yake, nikapiga msasa nguzo, nikakaza, nikapaka grisi kidogo juu. Siku ya tatu akanipigia kusema friza inalala mpaka asubuhi. Kianzio cha betri mpya hakurudishiwa, na hilo linaniuma hadi leo, maana ilikuwa mtaji wake.

Kipimo hicho kifanye kabla ya kipimo kingine chochote, na kifanye mzigo ukiwa unavuta, kwa sababu bila mkondo kiungo kibovu kinaonekana kizima. Kasoro ya ohmu 0.005 tu, ikipitisha ampea 100, inapoteza nusu volti na kutoa joto la wati 50, sawa na pasi ya kulehemu iliyosahauliwa juu ya betri. Na ampea 100 si nyingi hapa: inveta ya kilowati 5 ikibebeshwa mzigo wote huvuta zaidi ya 110 kutoka betri ya volti 48. Waya wa milimita za mraba 16 hauwezi. Weka 35 kwa uchache, uwe mfupi kadiri inavyowezekana.

Viungo vikiwa salama, ndipo betri yenyewe ipimwe. Za asidi zipumzishe saa mbili au zaidi bila kuchaji wala kutoa, kisha pima kila moja peke yake. Iliyojaa husoma karibu volti 12.7, ya nusu 12.2, ikifika 11.9 iko taabani. Tafuta ile inayotofautiana na wenzake. Halafu washa pasi ya wati 1,000 kwa dakika kumi ukizipima zikiwa kazini: tatu zikisimama kwenye 12 na moja ikaporomoka chini ya 11, umempata, na huyo mmoja alikuwa anawavuta wenzake wote chini. Zenye vifuniko zitazame maji. Yakiwa chini ya bamba, ongeza maji ya betri tu, si ya bomba wala ya kisima. Tazama pia zinapokaa. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya asidi kwa nusu. Stoo ya bati isiyo na dirisha, Tanga, mwezi Februari, inazikaanga.

## "Paneli zinatoa kidogo"

Kabla ya kupanda juu ya bati, washa pasi.

Mfumo usioruhusiwa kupeleka umeme kwenye gridi hutoa kile tu kinachotakiwa. Betri ikijaa saa tano asubuhi na nyumba inatumia wati 300, paneli zako za wati 4,400 zitaonyesha 300 na kidogo. Nimeona mtu amelipa kijana asafishe paneli mara tatu kwa ajili ya hilo. Ukiwasha pasi na namba ikaruka mpaka 1,300, paneli ni nzima.

Isiporuka, tafuta kivuli. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo bati lielekee kaskazini au kusini hasara si kubwa. Kivuli ndicho kinachoua. Paneli zilizoungwa mfululizo ni kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akichoka, safu nzima inapungua. Kuti moja la mnazi, tangi la maji la jirani lililojengwa mwaka jana, antena, vyote hivyo vinatosha. Panda saa tatu asubuhi na tena saa tisa alasiri uone kivuli kinapita wapi. Kinyesi cha kunguru kilichokauka nacho ni kivuli. Osha alfajiri, kwa maji na kitambaa laini, kioo kikiwa bado baridi.

Joto pia linapunguza, na hilo likubali. Paneli ya kawaida hupoteza karibu asilimia 0.35 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Seli zikifika nyuzi 65, asilimia 14 imeondoka. Acha nafasi ya kiganja kati ya paneli na bati, upepo upite.

Kama paneli hazitoi kabisa, pima volti za mfululizo pale kwenye breka. Inveta nyingi hazianzi kufanya kazi mpaka volti zifike kiwango fulani, mara nyingi 120. Paneli mbili za mfululizo hazifiki hapo hata jua liwe la utosi. Nimekuta nyumba ambayo paneli nne zilifungwa jozi mbili sambamba, kila jozi paneli mbili tu za mfululizo, mwaka mzima hazijawahi kuchaji chochote, na mwenye nyumba alikuwa anaamini anatumia jua.

## "LUKU inaisha haraka kuliko kabla ya sola"

Malalamiko haya yachukulie kwa uzito, mara nyingi ni ya kweli.

Tazama kwanza nani anachaji betri. Kama gridi inaruhusiwa kuchaji usiku, betri inaamka imejaa, jua linachomoza halina pa kuingia. Unanunua uniti ili kuzuia umeme wa bure. Kwenye inveta nyingi za Kichina zilizojaa sokoni, mpangilio namba 16 ndio unaoamua: OSO ni jua peke yake, CSO ni jua kwanza na gridi jua lisipokuwepo, SNU ni vyote kwa pamoja. Namba 01 huamua nani alishe nyumba. SBU ni jua, kisha betri, gridi mwisho. SUB ni jua, kisha gridi, betri inabaki akiba. Ukikuta imeandikwa UTI au USB, gridi inatangulia, na paneli zako zinapamba bati. Kwenye modeli nyingine namba hubadilika, lakini herufi ni hizo hizo. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika mara moja moja, mimi huweka SUB na CSO mtu anapojali zaidi akiba, na SBU na OSO anapojali zaidi bili. Vyote viwili kwa ukamilifu havipatikani.

La pili watu wengi hawalijui. Mita nyingi za malipo ya kabla hazikutengenezwa kutofautisha umeme unaoingia na unaotoka. Ukisukuma umeme wa jua kwenye gridi, baadhi zinauhesabu kama matumizi na kukukata uniti, nyingine zinajifunga zikidhani umezichezea. Pima hivi: saa sita mchana, betri imejaa, zima mizigo yote ndani ya nyumba, usimame mbele ya mita utazame kile kitaa chekundu. Kikiwa kinapepesa mbio, mwambie mtu azime breka ya paneli. Kikitulia hapo hapo, ulikuwa unalipia umeme uliokuwa unautoa wewe.

Washa kizuizi cha kutopeleka umeme nje, kisha kagua kihisi cha mkondo, ile klampu ndogo inayokumbatia waya unaotoka kwenye mita. Ndiyo macho ya inveta. Ikivalishwa kinyume, inveta inaona unaingiza wakati unatoa, na kadiri unavyotoa ndivyo inavyozidi kusukuma, hata betri inamwagwa nje. Kwa kuijaribu, zima paneli na betri zisitoe, washa pasi ya wati 1,000. Skrini ionyeshe kwamba unachukua kama 1,000 kutoka gridi. Ikionyesha kutoa, igeuze. Kwenye nyumba ya fezi tatu, hakikisha kila kihisi kiko kwenye fezi yake. Anayetaka kweli kupeleka umeme kwenye gridi aanzie kwa shirika lake, apate makubaliano na mita inayofaa, ndipo afungue mlango huo.

La tatu ni dogo lakini halilali. Inveta nyingi zinakula zenyewe kama wati 50, usiku na mchana. Hizo ni uniti 36 kwa mwezi. Kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu nusu ya mgao wake.

## "Umeme wa gridi upo, inveta inaukataa"

Taa za jirani zinawaka, wewe unaendelea kula betri. Pima volti kwenye soketi ya upande wa gridi, na usipime mara moja. Pima asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku, kwa wiki nzima, ukiandika. Umeme wetu ni wa volti 230, lakini mwisho wa laini, mbali na transfoma, jioni watu wakiwa wanapika na kupiga pasi unaweza kushuka vibaya.

Inveta nyingi zina madirisha mawili, yaani viwango vya volti inazokubali kutoka gridi. Lile lililoandikwa UPS hupokea volti 170 mpaka 280, lile la APL hupokea 90 mpaka 280. Mafundi wengine hukimbilia APL ili mteja anyamaze. Mimi sifanyi hivyo bila kuweka kilinda friji, kwa sababu volti 150 ikipita inveta itapita mpaka kwenye kompresa, na kompresa inaungua. Kwa inveta zinazofanya kazi sambamba na gridi, tazama pia mpangilio wa nchi. Ikiwa imeachwa na kanuni za Ujerumani, itaachia gridi ikizidi volti 253 na kurudi baada ya muda, mchana kutwa. Daftari lako la wiki moja lipeleke ofisi ya umeme ya eneo lako. Namba zilizoandikwa pamoja na saa zake husikilizwa kuliko neno "umeme wetu mdogo".

## "Friji inanitekenya vidole"

Hapa weka multimita chini, usiendelee mwenyewe.

Gridi ikiwepo, nyutro (waya wa kurudishia umeme) imefungwa na ardhi huko kwenye transfoma. Inveta ikihamia betri, mara nyingi inakata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro zote mbili, na nyutro ya nyumba inabaki inaelea. Mwili wa chuma wa friji isiyo na arthi nzuri (waya wa usalama unaokwenda ardhini) unaanza kukutekenya, na breka ya usalama inayotakiwa kuruka mtu akiguswa na umeme haiwezi kuruka, kwa sababu mkondo hauna njia ya kurudi. Inveta nzuri ina rilei, swichi inayojiendesha, inayofunga nyutro na arthi inapokuwa kwenye betri. Lazima iwe imewashwa, na fimbo ya arthi iwe kweli ardhini, si waya uliofungwa kwenye nondo ya dirisha. Kosa jingine ni kuchanganya nyutro ya upande wa dharura na ya upande wa gridi kwenye bodi moja ya breka. Dalili zake ni breka kuruka kila umeme unapokatika au kurudi, na taa kupepesa bila mpangilio. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, na mpaka afike, watoto wasiguse friji.

## "Inveta haiioni betri ya lithiamu"

Kwa kawaida ni waya wa mawasiliano. Unafanana na waya wa intaneti, lakini mpangilio wa pini hutofautiana kwa kila kampuni, na waya wa intaneti wa kawaida mara nyingi haufanyi kazi. Tazama umechomekwa tundu lipi, la CAN au la RS485, tazama vile viswichi vidogo vya anwani pembeni mwa betri, na tazama aina ya betri uliyoichagua kwenye inveta. Ukishindwa kabisa, mfumo unaweza kufanya kazi kwa volti tu, lakini weka chaji isizidi volti 56 hivi kwa seli 16, na usiache mpangilio wa betri ya asidi, hasa ile chaji kali ya kusawazisha.

Inveta ikipiga kelele na kuzima kila pampu ya maji inapowaka, sababu ni mwanzo wa mota. Pampu ya hospawa moja, wati 750, inaweza kuhitaji mara tano au zaidi kwa nusu sekunde. Irudishe upande wa gridi au uifungie kianzishi laini, kifaa kinachoiwasha mota taratibu.

## Ikibainika kweli ni betri

Wakati mwingine ni yenyewe. Betri ya asidi iliyovimba, au inayotoa harufu ya mayai viza wakati wa kuchaji, izime sasa hivi, fungua milango, usiwashe kiberiti wala jiko karibu. Ya lithiamu iliyovimba usiichaji tena hata mara moja, itoe nje ya nyumba ikiwa imezimwa. Ikiwa seli moja inagusa volti 3.65 wakati nyingine ziko 3.40, na siku kadhaa za kujaza hazikuzisawazisha, betri hiyo irudi kwa aliyeiuza kama dhamana bado ipo.

Kwa za asidi, usibadilishe moja ukaichanganya na tatu zilizochoka. Mpya itazeeka ndani ya miezi. Badilisha zote nne, na za zamani usiwape wanaomwaga asidi mtaroni ili wauze madini ya risasi yaliyomo ndani, wapelekee wanaozinunua nzima. Mpya zikifika, pima kila moja kabla ya kulipa, andika volti yake na tarehe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwake, kisha piga picha. Siku ya madai ya dhamana, picha hiyo ndiyo utakayoulizwa.